Umbo na Alama: Uhakiki wa Wahusika wa Michezo ya Video

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jinsi wahusika wa michezo ya video walivyobadilika umbo tangu miaka ya sabini ya karne iliyopita hadi leo, na kupima kama mabadiliko hayo yalikuwa maendeleo ya sanaa au maendeleo ya mashine tu. Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona mambo ya mchezo yakipewa nafasi katika jarida la uchunguzi wa lugha. Jibu langu ni fupi. Mhusika wa mchezo wa video ni ishara kabla ya kuwa picha. Hutambulikana kwa alama chache zinazomtenga na wenzake, kama vile sauti ya lugha itambulikanavyo kwa sifa chache zinazoitenga na sauti nyingine. Ajuaye kwamba pata si bata, na kwamba tofauti yenyewe ni ndogo mno kinywani, anacho chombo cha kutosha cha kuanzia kazi hii. Zaidi ya hayo, lugha yetu yenyewe imekwisha kuingizwa katika michezo hiyo, mara kwa namna ya kuidunisha na mara kwa namna ya kuiheshimu. Na haifai wenye lugha wawe watu wa mwisho kuyasema hayo.

Rai iliyoenea ni kwamba historia ya wahusika hawa ni ngazi. Chini kabisa yako madoadoa ya mwanga. Juu yake yako maumbo bapa yenye rangi chache. Juu yake tena yako maumbo yenye kina. Na kileleni wako watu ambao jasho lao laonekana likitiririka na vinyweleo vyao vyahesabika. Kwa mashine, rai hiyo ni ya kweli. Kwa sanaa, yapotosha. Nadai kwamba katika kila ngazi mhusika amefanywa kwa alama za aina mbili. Aina ya kwanza nitaiita alama ya kazi: ni ile iliyozaliwa na kitendo ambacho mhusika hana budi kukitenda, au na uhaba wa chombo kilichotumika kumchora. Aina ya pili nitaiita alama ya kuazima: ni ile iliyochukuliwa katika uvumi juu ya jinsia fulani au taifa fulani, ikabandikwa juu ya umbo pasipo kazi yoyote. Nguvu za mashine zimeigeuza mno aina ya kwanza. Aina ya pili hazikuiondoa, aghalabu ziliipamba.

Kipimo cha kuzitenga aina hizi mbili ni kile kile tukitumiacho katika elimu ya sauti: iondoe alama, kisha utazame kilichoharibika. Ikiwa kitendo kimeshindikana au mhusika hatambulikani tena, alama ile ilikuwa na kazi. Ikiwa kilichopotea ni mazoea ya mtazamaji tu, alama ile ilikuwa ya kuazima.

Umbo lililozaliwa na uhaba

Michezo ya awali haikuwa na mtu ndani yake. Spacewar!, uliotungwa mwaka 1962 katika chuo cha MIT huko Marekani, ulikuwa na vyombo viwili vya angani. Pong wa kampuni ya Atari, wa mwaka 1972, ulikuwa na vijiti viwili na nukta moja ya kurudishiana. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na humo adui alikuwa kiumbe, akapangwa safu kwa safu. Viumbe hao walifananishwa na pweza, kaa na ngisi. Nishikado ameeleza kwamba wazo la kumfanya adui awe binadamu liliachwa kwa kuwa kulenga watu shabaha kulionekana hakufai. Namwomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1980 Toru Iwatani wa kampuni ya Namco alitoa Pac-Man. Mhusika wake ni duara la manjano lililokatwa kipande. Ndani ya mchezo hana macho, hana mikono, hana nguo. Ana kinywa tu, nacho hakitulii. Iwatani ameeleza kwamba umbo hilo alilipata kwa kutazama piza iliyoondolewa kipande kimoja, na pia kwa kuiviringisha herufi ya Kijapani ya neno "kinywa", ambayo ni ya mraba. Jina lake nalo latokana na paku-paku, tanakali ya Kijapani inayoiga kinywa kikifunguka na kufumbika katika kula. Kwa hiyo huyu ni mhusika aliyetolewa katika neno la kuigiza, kama ambavyo sisi husema mtu kaanguka pu au nguo ni nyeupe pe, na sauti ile peke yake ikatosha. Yeye ni kitenzi kilichopewa rangi. Ukimwondolea kinywa, hakuna kilichosalia.

Maadui zake wanne ni somo jingine. Umbo lao ni moja, rangi zao ni nne, na kila rangi yaenda kwa tabia yake: mwekundu humfuata mchezaji nyuma kwa nyuma, wa waridi hulenga mahali palipo mbele yake, wa buluu huongozwa pia na mahali alipo mwekundu, na wa machungwa hukimbilia pembeni anapomkaribia. Mwanafunzi wa elimu ya sauti atawatambua mara moja. Hawa ni jozi za maneno zinazotofautiana kwa sifa moja, na tofauti hiyo moja yabeba maana nzima.

Hadithi zetu za kale zaifahamu njia hii. Msimulizi wa hadithi ya Sungura na Fisi hatuelezi urefu wa masikio ya Sungura wala rangi ya manyoya yake. Abunuwasi ametembea pwani yote pasipo mtu kutaja kanzu yake ilikuwa ya kitambaa gani. Mhusika ni alitendalo. Hivyo basi umaskini wa picha haukuwa umaskini wa mhusika.

Mfano ulio wazi kupita yote ni Mario. Alitokea mwaka 1981 katika mchezo wa Donkey Kong wa kampuni ya Nintendo, uliosanifiwa na Shigeru Miyamoto, akiwa mtu mfupi anayeruka mapipa yaliyotupwa na sokwe. Hakuwa na jina lake la sasa, bali aliitwa Jumpman, yaani mtu wa kuruka. Jina la Mario alilipata kwa Mario Segale, mwenye ghala ambalo kampuni hiyo ilipanga huko Marekani. Umbo lake lilipaswa kutoshea katika mraba wenye pikseli kumi na sita hivi kila upande. Katika nafasi hiyo kinywa hakichoreki, kwa hiyo akapewa masharubu yaitenge pua na kidevu. Nywele zinazopepea wakati wa kuruka hazichoreki, kwa hiyo akapewa kofia. Mikono haionekani ikienda na kurudi iwapo rangi yake ni moja na kiwiliwili, kwa hiyo akavishwa ovaroli. Kila alichonacho mwilini ni jibu la swali la fundi.

Jambo la kuzingatiwa ni lililofuata. Mwaka 1996 Nintendo ilitoa Super Mario 64, na mashine mpya iliweza kuchora kinywa, nywele na mikono yenye vidole. Sababu za masharubu na kofia zilikuwa zimekufa. Masharubu na kofia havikufa. Lugha hutenda vivyo hivyo. Zamani tulisema amekwisha kula, na kwisha kilikuwa kitenzi kamili. Leo wengi husema ameshakula, na kitenzi kile kimesinyaa kikawa kiambishi cha wakati. Umbo lilibaki likabadilishiwa kazi. Masharubu ya Mario nayo yalianza kwa dharura yakaishia kuwa utambulisho, na haki yao ya kubaki waliipata kwa miaka waliyotumika. Ni kweli kwamba baadaye aliongezewa Uitaliano wa matamshi, na huo ni wa kuazima. Lakini ulikuja juu ya umbo lililokwisha kusimama kwa miguu yake lenyewe.

Alama ya kike

Hapa ndipo twaona alama ya kuazima ikiingia, nayo yaingia mapema, wakati pikseli zingali chache na kila moja ina thamani. Mwaka 1982 kampuni ya Midway ya Marekani ilitoa Ms. Pac-Man. Duara ni lile lile, kinywa ni kile kile, kazi ni ile ile ya kula. Kilichoongezwa ni utepe kichwani, rangi ya midomo na kidoa cha urembo shavuni. Ondoa utepe, naye ataendelea kula kama kwanza. Alama hiyo haikuwa na kazi ila kutujulisha kwamba duara lisilo na utepe, tulilolidhania kuwa duara tu, siku zote lilikuwa mwanamume.

Wataalamu wa lugha huliita jambo hili suala la umbo lenye alama na umbo lisilo na alama. Katika lugha kadhaa za Ulaya umbo la kiume ndilo lisilo na alama, na la kike hutokana nalo kwa kuongezewa mkia. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Twasema simba, na tukitaka kupambanua twasema simba dume na simba jike. Kila mmoja ana alama yake, na neno la asili si la mmoja wao. Laiti wasanifu wangalifuata sarufi hiyo, duara la kwanza lingalibaki la wote.

Mchezo wa Metroid, uliotolewa na Nintendo mwaka 1986, waonyesha jambo hili kwa namna ya kipekee. Mhusika wake, Samus Aran, amefunikwa deraya na chapeo tangu mwanzo hadi mwisho, na deraya hiyo ni alama ya kazi tupu: mkono mmoja ni bunduki, na mwili hujikunja ukawa tufe ili upite katika njia nyembamba. Mchezaji akimaliza upesi, chapeo huondolewa, naye hugundua kwamba shujaa aliyekuwa akimwongoza ni mwanamke. Mshangao huo ulisifiwa sana. Lakini kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilichofuatana na mchezo kilikuwa kimemtaja Samus kwa kiwakilishi cha kiume. Kwa Kiingereza siri ilitunzwa kwa uongo. Kwa Kiswahili ingaliweza kutunzwa kwa kunyamaza tu, kwa sababu a- ya anapigana, anaruka, amefika haiulizi jinsia ya mtu. Sina haja ya kuisifu lugha yetu kupita kiasi. Natoa mfano kuonyesha kwamba dhana ya kuwa shujaa asiyeonekana uso ni mwanamume haikuwa ndani ya picha. Ilikuwa katika mazoea ya watazamaji na katika sarufi waliyoizoea.

Wala mchezo huo haukujitoa katika mazoea hayo moja kwa moja. Kadiri mchezaji alivyomaliza kwa haraka zaidi, ndivyo Samus alivyovuliwa zaidi, hata akabaki na vazi la kuogelea. Mwili wa kike uligeuzwa kuwa tuzo. Kwa hiyo katika mchezo mmoja twapata alama ya kazi iliyo bora kabisa, yaani deraya, na alama ya kuazima iliyo dhahiri kabisa, yaani kuivua.

Mwaka 1996, mwaka ule ule wa Super Mario 64, kampuni ya Core Design ya mji wa Derby, Uingereza, ilitoa Tomb Raider. Mhusika wake Lara Croft, aliyesanifiwa na Toby Gard, alijengwa kwa vibao vyenye pembe ambavyo mafundi huviita poligoni. Vilikuwa vichache. Msuko wake mrefu, unaojulikana leo na kila mtu, haukuonekana mgongoni mwake wakati wa kucheza mchezo ule wa kwanza. Ulikuja katika mchezo wa pili, mwaka 1997. Tutafakari basi: mashine haikumudu msuko, lakini wasanifu walipata poligoni za kutosha za kukitia chumvi kifua chake. Uhaba hulazimisha kuchagua, na uchaguzi hufichua kithaminiwacho. Mwaka 2013 kampuni ya Crystal Dynamics ya Marekani ilimtunga upya. Mwili ukarudishwa katika kadiri ya mwili wa mtu. Akapewa upinde, matope, mikwaruzo na bendeji, na hivyo vyote vyatokana na kisiwa alichopotea na mambo aliyoyatenda humo. Lakini tusiseme kwamba mashine ndiyo iliyomsahihisha. Mashine ya mwaka 2013 ingaliweza kuutia chumvi mwili ule kwa ufundi mkubwa kuliko ya mwaka 1996. Kilichobadilika kilikuwa nia.

Kufanana na kutambulikana

Mashine zilipoongezeka nguvu, shabaha ya wasanifu wengi ikawa kufanana na mtu halisi. Njia hiyo ilianza mapema. Jordan Mechner, katika Prince of Persia wa mwaka 1989, alipiga filamu ya ndugu yake akikimbia na kuruka, kisha akaifuatisha picha kwa picha. Mhusika wake ana uso usiosomeka, ila uzito wa mwili wake wahisika kila anapodaka ukingo wa ukuta. Baadaye mwendo wa waigizaji ukanaswa moja kwa moja kwa vifaa, kisha na nyuso zao pia.

Msomi wa Kijapani Masahiro Mori alikuwa amekwisha kutoa onyo mwaka 1970, alipoandika juu ya roboti: kadiri chombo kinavyomkaribia mtu kwa umbo, hupendeza, lakini kikikaribia sana pasipo kufika, huchukiza ghafula, kana kwamba ni maiti inayotembea. Wasanifu wa michezo walilijua onyo hilo kwa hasara. Mwonekano ulio karibu na ukweli hudai ukweli katika kila kitu, na kope moja isiyopepesa huharibu uso mzima.

Kufanana si kosa kwa nafsi yake. Katika Hellblade: Senua's Sacrifice, kazi ya Ninja Theory ya Cambridge iliyotoka mwaka 2017, uso na mwili wa Senua ni wa Melina Juergens, vilivyonaswa kwa vifaa. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine. Vita vilivyo vikubwa vya hadithi hiyo hupiganwa usoni mwake. Hapo kila mkunjo wa kipaji una kazi. Ukiuondoa, hadithi imekatika. Naam, uhalisi nao waweza kuwa alama ya kazi, ikiwa jambo linalotendwa ni la uso.

Kinyume chake ni Team Fortress 2 wa kampuni ya Valve, uliotoka mwaka huo huo wa 2007 ambao watengenezaji wake walieleza njia yao katika makala ya kitaalamu. Walikuwa na mashine yenye nguvu, wakaamua kutofuata uhalisi. Walijifunza kwa wachoraji wa picha za magazeti ya Marekani wa mwanzo wa karne ya ishirini, akiwamo J. C. Leyendecker, wakasanifu wapiganaji tisa ambao kila mmoja hutambulikana kwa kivuli chake tu, kabla ya rangi na kabla ya uso. Mwenye bunduki nzito ni pande la mtu. Mkimbiaji ni mwembamba wa miguu mirefu. Mchezaji amwonapo adui kwa mbali hana budi kujua mara moja ni nani na aweza kumfanya nini. Kwa lugha ya wanafonolojia, walijenga mfumo wa fonimu tisa ambao hakuna mbili zinazochanganyika. Huu ni ule ule ufundi wa Pac-Man, ukirudiwa baada ya miaka ishirini na saba kwa hiari pasipo kulazimishwa na uhaba. Ngazi tuliyoambiwa yapanda, kumbe yaweza pia kuzunguka.

Watu wa kwetu ndani ya kioo

Nimefika sasa mahali ambapo uchunguzi huu watugusa wenyewe. Michezo ya mapigano ya miaka ya tisini ilimpa kila taifa mpiganaji wake. Street Fighter II wa kampuni ya Capcom ya Japani, wa mwaka 1991, ulimfanya Mhindi kuwa mtu wa yoga anayerefusha mikono, na mpiganaji wa Brazili kuwa kiumbe wa kijani atokaye mwituni. Mwaka 1997, katika Street Fighter III, Kenya nayo ilipata wake: Elena, binti wa mkuu wa kabila. Ana ngozi nyeusi, nywele nyeupe na macho ya buluu. Vazi lake ni vipande viwili vidogo vya nguo, pamoja na bangili shingoni na mikononi. Na mapigano yake ni kapoeira.

Haki yake tumpe kwanza. Mwendo wa Elena ni wa kupendeza. Hupigana kwa miguu, mwili wake hautulii, na hata asimamapo hucheza kwa mapigo ya ngoma asiyoisikia mwingine. Katika hilo alama ya kazi imetimia. Lakini kapoeira ni sanaa ya Brazili, iliyokuzwa huko na watu waliochukuliwa utumwani, ambao wengi wao walitoka pande za Angola na Kongo. Vazi si la Mmaasai, si la Mkikuyu, si la Mswahili, wala si la Mkenya mwingine yeyote nimjuaye. Wala hakuna pigo lake moja lingeshindikana kama angalivaa nguo. Amekusanywa kwa vipande: ngoma kutoka huku, uchi kutoka kule, na juu yake pakaandikwa Kenya. Alirudishwa katika Street Fighter 6 mwaka 2025, ushahidi kwamba wachezaji wampenda. Nami sitaki afutwe. Nataka ijulikane tu ni alama gani kati ya zake zilizotoka Kenya. Na kwa hesabu yangu, ni jina la nchi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5. Hadithi yake yatokea Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika, ambapo wakazi wameingiwa na vidudu vinavyowafanya wageuke wauaji, na shujaa, Mmarekani mweupe, huwapiga risasi kwa makundi. Picha za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007 wahakiki kadhaa walilalamika, na mchezo ulipotoka shujaa alikuwa na mwenzi Mwafrika, Sheva Alomar. Lililosemwa kidogo ni la lugha. Watu hao walioharibika huitwa Majini, na maneno wanayopiga kelele ni ya Kiswahili.

Tulipime hili kwa chombo chetu. Jina Kijuju lafuata kiambishi tunachokijua katika Kilwa na Kigoma, likakibandika juu ya juju, neno la uganga litumikalo Afrika Magharibi; tayari bara zima limekunjwa likawa kijiji kimoja. Majini katika mchezo yafasiriwa kuwa pepo wabaya. Lakini mtu wa pwani ajua kwamba jini si lazima awe mbaya. Kuna majini wema na wabaya, wenye dini na wasio nayo, na kuna familia zinazokaa nao kwa adabu na mipaka. Neno lenye ulimwengu ndani yake lilipunguzwa likawa lebo ya shabaha. Na Kiswahili chenyewe kilifanyiwa nini? Hakikutumika kusema jambo. Kilitumika kama rangi ya ngozi inavyotumika katika katuni mbaya, kuwa alama ya kwamba anayekuja ni wa kuogopwa na haeleweki. Mchezaji hakukusudiwa aelewe. Mamilioni ya watu ambao wangeelewa hawakuhesabiwa miongoni mwa wachezaji.

Turudi sasa kwa Nishikado na pweza wake. Mwaka 1978, kwa pikseli chache, iliamuliwa kwamba binadamu asifanywe shabaha. Mwaka 2009, kwa mashine iliyoweza kuchora vumbi katika mwanga wa jua, binadamu wa Kiafrika alifanywa shabaha kwa kunyimwa kwanza ubinadamu wake, na lugha yake ikatumika kama ushahidi wa kunyimwa huko. Asemaye kwamba historia hii ni ngazi ya kupanda na aeleze vidato hivi viwili.

Kisa cha tatu ni cha matumaini, nacho kimetoka katika mikono ya mtu mwenye asili ya huku. Mwaka 2024 Surgent Studios, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye ukoo wake ni wa Kenya, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU. Salim ameeleza kwamba mchezo huo ulitokana na msiba wa baba yake. Zau ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe Baba. Ana vinyago viwili: cha jua, ambacho hupigania karibu kwa moto, na cha mwezi, ambacho hupigania mbali. Mchezaji aweza kuuchagua mchezo wote uzungumzwe kwa Kiswahili.

Mhakiki mwadilifu ataniuliza: je, huu nao si mchanganyiko? Kalunga ni neno la watu wa Kongo na Angola. Kiswahili ni cha mashariki. Kwa nini tumlaumu msanifu wa Elena na kumwacha Salim? Swali ni la haki, na jibu liko katika kipimo chetu. Vinyago vya Zau ni alama za kazi: ukimvua, hawezi kupigana, wala hadithi ya mrithi aliyebebeshwa vifaa vya mzazi wake haisimuliki. Mseto wenyewe nao umefuata undugu wa lugha za Kibantu, ambao si uvumi bali ni jambo lililothibitishwa na elimu yetu. La mwisho, Kiswahili humo chasema jambo. Mwana amwita baba yake, naye msikilizaji anatakiwa aelewe. Mtu aweza kutofautiana na mchezo huo kwa mengi. Binafsi naona maadui zake ni wachache wa namna, na mazungumzo yake mara nyingine yaeleza kile ambacho mwendo wa mwili umekwisha kueleza. Lakini hizo ni hitilafu za sanaa, na hitilafu za sanaa ndizo tunazotamani kujadili.

Hitimisho

Kwa ufupi, nimejaribu kuonyesha kwamba umbo la mhusika wa mchezo wa video halikui kama mtoto akuavyo, kila mwaka refu kidogo kuliko mwaka uliopita. Hujengwa kwa alama, na alama hupimwa kwa kazi. Masharubu ya Mario, kinywa cha Pac-Man, deraya ya Samus, uso wa Senua na kinyago cha Zau ni vitu vya vizazi mbalimbali vya mashine, lakini ni ndugu. Utepe wa Ms. Pac-Man, vazi la Elena na Kiswahili cha Kijuju nazo ni za vizazi mbalimbali, nazo ni ndugu vile vile.

Wako vijana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaojifunza sasa kazi ya kusanifu wahusika, nao watauziwa programu zenye uwezo ambao Miyamoto hakuuota mwaka 1981. Programu hizo zitawapa ngozi, misuli, nywele na nguo tayari, pamoja na "Mwafrika" aliyekwisha kutengenezwa na watu wengine, mwenye mkuki na bangili. Wasimchukue kabla ya kumuuliza mkuki huo ni wa kazi gani. Nasi wenye taaluma ya lugha tuna deni la kuwapa msamiati wa kuulizia swali hilo kwa lugha yao wenyewe, maana hata sasa wengi wao hulazimika kuiazima lugha ya kigeni ili waizungumzie kazi ya mikono yao.